Hesabu za Jioni ya Jumamosi: Watu wa Footscray na Timu Yao

Zamani, mpaka miaka ya 1980, mechi za ligi kuu ya mpira wa Australia katika mji wa Melbourne zilichezwa kwa desturi kwa wakati mmoja, alasiri ya Jumamosi, timu 12 katika viwanja sita, na king'ora cha mwisho kilipolia katika uwanja mmoja kilikuwa kimekwisha kulia au ki karibu kulia katika vile vingine vitano. Hata magharibi ilipoingia, nusu ya mji ilikuwa ikirudi nyumbani kwa nderemo na nusu ya pili kwa majonzi. Upande wa machweo, ng'ambo ya mto Maribyrnong, katika mtaa wa Footscray, majonzi yalikuwa mgeni aliyeuzoea mlango. Watu walitoka Western Oval, uwanja wao, makoti yamelowa mvua ya kipupwe, skafu za nyekundu, nyeupe na buluu zimezungushwa shingoni, chupa ya chai imebaki tupu kwapani, na mikononi mwa wengi kimo kijitabu cha mechi ambacho kurasa zake za kati zimejaa vijistari vya penseli. Hapo, njiani kwenda stesheni ya reli, baraza lilifunguliwa.

Nimeliita baraza kwa makusudi. Halikuwa na mwenyekiti wala karani. Lakini lilikuwa na wazee waliosikilizwa, vijana waliokatizwa maneno, mashahidi waliosimama upande wa pili wa uwanja wakaona yaliyowafichikia wengine, na washitakiwa ambao aghalabu hawakuwapo kujitetea: kocha, wateuzi wa timu, mwamuzi, na kijana fulani wa safu ya mbele aliyekosa goli akiwa hatua chache tu kutoka penye milingoti. Mgeni aliyesikia ukali wa maneno yale angedhani kuwa watu hawa wanaichukia timu yao. Angekosea kabisa, maana mtu hahesabu senti kwa senti hasara isiyokuwa yake, na taarikhi ya Footscray, ambayo ndiyo nitakayo kuieleza hapa, ni taarikhi ya watu waliohesabu hasara za timu yao wiki baada ya wiki, mpaka siku ilipowabidi kuhesabu fedha za kuikomboa.

Mchezo wenyewe ndio uliowafundisha kuhesabu. Asili yake ni mwaka 1858, pale Tom Wills, mcheza kriketi mashuhuri wa koloni la Victoria, alipoandika barua katika gazeti moja la michezo kuwasihi wachezaji wenzake waunde klabu ya mpira ili miili yao isilegee wakati wa baridi. Na tarehe 17 Mei 1859 yeye na wenziwe wachache wa klabu ya Melbourne wakaandika sheria zao, miaka minne kabla ya Waingereza kuandika zile za soka mjini London mwaka 1863. Mchezo huu huchezwa katika uwanja wenye umbo la yai, kwa mpira ambao nao una umbo hilo hilo, watu 18 kila upande, na kila ncha ya uwanja imesimamishwa milingoti minne: miwili mirefu katikati na miwili mifupi pembeni. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita baina ya mirefu ni goli, nalo lina alama sita. Ukipita baina ya mrefu na mfupi, yaani mpigaji amekosa lakini hakukosa sana, timu hupewa alama moja. Mwamuzi wa goli hupunga bendera mbili kwa goli, na moja kwa alama ya pembeni.

Ligi ya Victoria iliposhika kanuni hiyo ya alama sita na moja mwaka 1897, sidhani kama wenyewe walijua wanawapa washabiki zawadi gani. Kwani matokeo ya mchezo huu hayaandikwi kwa tarakimu moja bali kwa mbili, magoli kwanza kisha alama za pembeni, na jumla yake mwisho. Kwa hiyo kila kosa la karibu hubaki limeandikwa daima, nalo haliwezi kusahauliwa kama shuti lililopaa juu ya mwamba katika soka. Timu iliyopata magoli 9 na alama za pembeni 17 imeacha ushahidi wa maandishi wa yale ambayo ingeweza kuwa. Ndiyo maana ya vile vijistari vya penseli. Mshabiki aliandika kila goli na kila kosa mbele ya jina la mchezaji, robo kwa robo, na jioni alikuwa na daftari la madai mkononi. Na usiku ule ule wa Jumamosi gazeti la The Sporting Globe, lililochapwa katika karatasi ya rangi ya waridi, lilimletea hesabu za waandishi apate kuzilinganisha na zake.

Watu wenyewe walikuwa watu gani? Footscray ilikuwa mahali pa kazi nzito. Palikuwa na machimbo ya lile jiwe la buluu nzito lililojengea kuta za Melbourne, palikuwa na machinjio, viwanda vya ngozi, kiwanda cha kamba na kiwanda cha risasi, na harufu ya kazi hizo ilifika mbali, ikawapa wakazi wa mitaa ya ng'ambo sababu ya kuwadharau wenyeji. Klabu yao ilikuwa nje ya ligi kuu kwa miaka mingi, ikishinda vikombe katika chama cha pili na kuambiwa kuwa ushindi huo si kitu. Hata tarehe 4 Oktoba 1924, katika mechi ya hisani ya kuwachangia askari waliopoteza viungo vitani, wao mabingwa wa chama cha pili wakakutanishwa na Essendon, mabingwa wa ligi kuu, wakawashinda kwa alama 64 kwa 36. Msimu uliofuata, 1925, wakakubaliwa kuingia ligi kuu pamoja na Hawthorn na North Melbourne. Walikuwa wamegonga mlango kwa nguvu hata ukafunguka. Ila waliomo ndani hawakuwaachia nafasi ya kukaa, na hata mechi za mtoano za mwisho wa msimu hawakuzifikia mpaka 1938.

Ubingwa wao wa kwanza ulikuja tarehe 25 Septemba 1954. Charlie Sutton alikuwa nahodha na kocha kwa pamoja, kama ilivyokuwa desturi ya zamani hizo, mtu mfupi mwenye kifua kipana. Jack Collins alifunga magoli saba. Na Ted Whitten, kijana wa miaka 21, alikuwa akicheza kwa ufundi ambao baadaye ungemfanya aitwe Bwana Mpira katika nchi nzima. Waliishinda Melbourne kwa magoli 15 na alama 12, jumla 102, dhidi ya magoli 7 na alama 9, jumla 51, yaani maradufu kamili. Tarakimu hizo naomba msomaji azishike. Miaka saba baadaye, 1961, Footscray walirudi fainalini, sasa Whitten ndiye nahodha na kocha, wakakutana na Hawthorn, wale walioingia nao ligi mwaka mmoja na ambao mpaka hapo hawakuwahi kutwaa ubingwa. Wakati wa mapumziko walikuwa mbele, kisha nguvu ikawaishia, wakashindwa, Hawthorn wakiwa wamepata alama 94. Na wao walipata nini? Magoli 7 na alama 9, jumla 51. Hesabu ile ile waliyowaachia Melbourne ilirudi ikabisha hodi kwao, na mtu aliyekuwa na vijitabu vyote viwili nyumbani angeweza kuvilaza mezani bega kwa bega akaviona vinatazamana.

Tangu hapo ilikuwa miaka 55 kabla ya Footscray kucheza fainali nyingine. Whitten alistaafu mwaka 1970 baada ya mechi 321, na ubingwa wake ukabaki ule mmoja wa ujanani. Ni katika miaka hiyo mirefu ndipo baraza la jioni ya Jumamosi lilipokomaa likawa desturi yenye adabu zake. Kwanza ulihukumiwa upepo, kwani Western Oval ulisifika kwa upepo uliovuma kwa nguvu kuelekea ncha moja, na timu iliyopata upepo mgongoni katika robo fulani ilidaiwa magoli kwa kadiri hiyo: robo ya tatu upepo ulikuwa wetu, tulipata nini? Baada ya upepo ilifika zamu ya mwamuzi, naye hakukaa sana kizimbani, maana wazee walijua kuwa lawama ya mwamuzi ni kimbilio la wavivu. Wachezaji walikuja halafu, mmoja mmoja, kwa namba zao, na hapa kina mama walikuwa na sauti sawa na wanaume, kwani mchezo huu tangu karne ya 19 ulivuta wanawake kwa maelfu, na aliyefuma skafu na kushona namba ya mchezaji mgongoni mwa koti la mwanawe hakuwa mtu wa kunyamazishwa namba hiyo ilipotajwa vibaya. Mwisho kabisa, sauti zikishuka, walitajwa wakubwa wa klabu na mambo ya fedha.

Na kwa hakika fedha ndizo zilizowaponza. Katika miaka ya 1980 mchezo uligeuka biashara: South Melbourne, klabu mojawapo ya zile nane za mwanzo za ligi, ilihamishiwa Sydney mwaka 1982, mishahara ya wachezaji ilipanda, na ligi ikatazama nje ya Victoria, Perth na Brisbane, ikaona kuwa klabu za Melbourne zimekuwa nyingi mno. Mwanzoni mwa Oktoba 1989 watu wa Footscray walisikia kuwa klabu yao, yenye madeni yasiyolipika, imekwisha kuunganishwa na Fitzroy, wala wao wanachama hawakuulizwa. Jina jipya lilikuwa limeandaliwa, Fitzroy Bulldogs, na uwanja ungekuwa wa mtaa mwingine.

Hapo ndipo ilipodhihirika lile baraza lilikuwa ni kitu gani. Mwanachama mmoja, mama wa kawaida, alikubali kesi iandikwe kwa jina lake katika Mahakama Kuu ya Victoria, na mahakama ikausimamisha muungano kwa muda wa wiki tatu hivi: kama klabu itaweza kuonyesha fedha, itaishi. Kiasi kilichotakiwa kilikuwa dola milioni moja u nusu. Wakili kijana, Peter Gordon, mzaliwa wa upande ule ule wa mji, alisimama mbele kuongoza, na maelfu walikusanyika katika uwanja wao ambao katika msimu uliokwisha haukuwahi kujaa. Nao wakatoka na makopo.

Makopo hayo yanastahili kusemewa kwa kirefu, maana sioni katika taarikhi ya mchezo huu kitu kilicho kikubwa kuliko hicho. Yalikuwa makopo ya bati, yamebandikwa karatasi za nyekundu, nyeupe na buluu, yametobolewa tundu juu. Watoto waliyatikisa kwenye milango ya stesheni, vijana waliyapitisha katika madirisha ya magari yaliyosimama kwenye taa za barabarani, wazee waliyaweka juu ya meza za baa na vinyozi. Mtaa wa wafanyakazi, ambao wengi wao viwanda vyao vilikuwa vikifungwa wakati huo huo, ulitoa sarafu kwa sarafu. Na aliyetikisa kopo alikuwa ni yule yule ambaye Jumamosi moja tu ya Agosti alisema kuwa timu hii haifai na kwamba yeye haji tena. Hakuna mgongano katika hilo. Yule aliyeijua kila dosari ya timu ndiye aliyejua thamani yake, kwa sababu alikuwa ameiandika kwa penseli tangu utotoni. Muda ulipokaribia kwisha fedha zilitimia, pamoja na ahadi za wafadhili, na Footscray ikabaki Footscray. Msimu uliofuata, 1990, mchezaji wao Tony Liberatore, mtu wa sentimita 163 tu katika mchezo wa majitu, alitwaa Nishani ya Brownlow ya mchezaji bora wa ligi.

Lakini ingekuwa dhuluma kusimulia kukombolewa kwa Footscray bila ya kusema habari za Fitzroy, kwani kopo haliokoi kila anayelitikisa. Fitzroy walikuwa na ubingwa mara nane, wa mwisho mwaka 1944. Lakini walikuwa wameuacha uwanja wao wa asili baada ya msimu wa 1966, na tangu hapo wakawa wapangaji katika viwanja vya watu, na mtu asiye na kwake baraza lake hutawanyika upesi. Mwaka 1996 klabu ilitiwa mikononi mwa msimamizi wa madeni, ikashinda mechi moja tu msimu mzima. Tarehe 25 Agosti walicheza mara ya mwisho Melbourne, wakafungwa na Richmond kwa tofauti ya alama 151. Tarehe 1 Septemba wakafungwa Perth na Fremantle kwa 86, ikawa mwisho. Jina lao na simba wao walichukuliwa na klabu ya Brisbane. Katika jioni ile ya Agosti hapakuwa na kosa la kuhukumu, wala kocha wa kulaumiwa, wala robo ya tatu. Watu wazima walisimama wakilia na skafu mikononi. Ninapowaza habari za mashabiki wanaogombana kwa sababu ya kushindwa, huwakumbuka wale wa Fitzroy, ambao wangetoa kila kitu wapate Jumamosi moja zaidi ya kugombana.

Mwaka uliofuata ulileta kwa watu wa Footscray, ambao klabu yao sasa ilikuwa imebadili jina kuitwa Western Bulldogs, kushindwa ambako mpaka leo hakujamalizwa kuhukumiwa. Ilikuwa mechi ya kuingia fainali ya 1997, dhidi ya Adelaide. Mapumziko walikuwa mbele kwa alama 31. Katika robo ya mwisho, uongozi ukianza kuyeyuka, Liberatore yule yule aliupiga mpira kuelekea milingotini, akauona unapita, akainua mikono na kushangilia, wenziwe wakamkimbilia. Na mwamuzi wa goli, katika koti lake jeupe, akainua kidole kimoja. Alama moja ya pembeni. Adelaide wakashinda kwa alama mbili. Hesabu yao ilikuwa magoli 12 na alama 21, jumla 93. Bulldogs magoli 13 na alama 13, jumla 91. Msomaji atazame tena: walioshindwa walikuwa na goli moja zaidi. Waliuawa na makosa ya adui, ambayo kila moja lililipwa alama yake, na hilo goli la Liberatore, kama lilikuwa goli, lingetosha kuwavusha. Wako waliokuwa nyuma ya milingoti ile wanaoapa kuwa lilikuwa goli. Mwaka 1998 walifika hapo hapo wakashindwa tena, na 2008, na 2009, na 2010.

Hata mwaka 2016, chini ya kocha Luke Beveridge, walimaliza msimu wa kawaida katika nafasi ya saba, mahali ambapo mpaka hapo hapakuwahi kutoka bingwa, wakasafiri Perth wakashinda, wakawang'oa Hawthorn waliokuwa mabingwa mara tatu mfululizo, wakaenda mjini Sydney wakashinda kwa alama sita, na tarehe 1 Oktoba, mbele ya watu 99,981, wakaifunga Sydney Swans 89 kwa 67. Miaka 62 ilikuwa imepita. Siku hiyo Sydney walimkosa mlinzi wao Aliir Aliir, aliyeumia goti wiki moja kabla, kijana aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Na kwa msomaji wa Afrika Mashariki si jambo dogo kujua kuwa mtoto wa Turkana yenye vumbi alikuwa karibu hivyo na fainali ya mchezo ulioandikiwa sheria na wacheza kriketi wa Melbourne. Nishani ya kocha ilipokabidhiwa Beveridge, alimwita jukwaani nahodha wake Bob Murphy, aliyekosa fainali kwa kuumia goti vibaya mapema msimuni, akaivua nishani akamvika yeye. Whitten hakuyaona hayo. Alikuwa amefariki Agosti 1995, miezi miwili baada ya kuzungushwa katika uwanja mkuu wa Melbourne ndani ya gari la wazi, maradhi ya saratani yamemtia upofu, umati asioweza kuuona ukimpigia makofi. Na Western Oval ukaitwa kwa jina lake.

Msimu uliofuata, 2017, mabingwa walishinda mechi 11, wakashindwa 11, wakamaliza nafasi ya 10, nje ya mechi za mtoano. Mechi sasa hazichezwi zote Jumamosi, na uwanja wao wa nyumbani ni mkubwa wenye paa la kufungwa, hata upepo hauwezi tena kushitakiwa. Lakini treni ya kurudi magharibi ni ile ile, na baada ya kila kushindwa kwa mwaka ule, skafu za rangi tatu zilijaa mabehewani, na kabla treni haijavuka mto palikuwa na mtu amekwisha kuuliza robo ya tatu tulipata nini, na mwingine amekwisha kumjibu.